Upande Mzito

Mwezi uliopita, pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, nilikaa siku mbili juu ya upande mzito wa Mama. Viti vilivyoazimwa kanisani havikutosha watu waliokuja kwenye matanga ya Silvestri, basi mtu fulani akaona afadhali kutoa nje vyuma vyote vya mazoezi vya marehemu na kuvipanga kando ya ukuta wa matofali mabichi. Tukavikalia wawili wawili, mmoja kila ncha. Silvestri alivitengeneza mwenyewe: unasimamisha bomba la chuma ndani ya mkebe wa rangi, unamimina saruji, unangoja ikauke, kisha unageuza bomba na kufanya ncha ya pili. Kulikuwa na chuma kidogo kilichoitwa Mutoto, cha kati kilichoitwa Mama, na kikubwa kilichoitwa Baba, ambacho nimekinyanyua mara moja tu maishani mwangu. Kwenye ncha ya pili ya Mama alikaa mzee mmoja Mrundi aliyevaa koti la mvua, na kila baada ya muda aliniuliza kama nimekaa vizuri. Nilimjibu kwamba nimekaa vizuri. Sikumwambia kwamba ncha yake ina kilo kumi na tano na yangu kumi na nane, wala kwamba kilo tatu hizo za tofauti zimenifundisha kuliko miaka yote niliyokaa darasani. Ukisema maneno kama hayo kwenye matanga, watu wanakuletea maji ya kunywa na kukuuliza kama umekula.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipoviona vyuma hivyo kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimechoka na nafsi yangu. Nilishona nguo pamoja na shangazi yangu, Tantini Mapendo, katika chumba kimoja karibu na soko la kambi. Kulikuwa na cherehani mbili, dirisha moja, pazia la kitenge lililotenga vitanda na wateja, na harufu ya mafuta ya cherehani iliyoingia hata kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Tantini alishona huku akiongea, akila na kuimba, na nguo zake ziliondoka mlangoni kama mikate. Mimi nilishona huku nimeshika pumzi. Mshono ukienda pembeni hata kwa upana wa uzi, niliufumua. Mara moja nilifumua ukosi wa gauni la bibi arusi hadi asubuhi ya ndoa yenyewe, na gauni lilipofika kwaya ilikuwa imekwisha kuimba nyimbo zote ilizozijua na imeanza upya. Wateja waliongea nyuma ya pazia wakidhani sisikii. "Ule binti anashonaka muzuri sana," mama mmoja alisema, "lakini kama unataka nguo ya Noeli, umuletee kitambaa ku Pasaka." Wakacheka. Tantini pia alicheka, na mimi nilikaa kitandani nimekumbatia magoti, kana kwamba nimekamatwa nikiiba. Ndivyo nilivyoishi. Mgongo uliniuma, mikono ilitetemeka, usingizi ulikuwa mwembamba. Sikumwambia mtu, kwa sababu katika kambi ambamo kila mtu ana jambo kubwa la kusimulia, niliona aibu kulalamika juu ya mishono.

Silvestri alikuja kwetu kama mteja. Alikuwa Mrundi wa miaka arobaini hivi, mfupi, mpana, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mabega yake, na msimu wa tumbaku ulipofika alipata vibarua vya kubeba mizigo kwenye maghala ya Kanengo. Alileta mkanda wa turubai uliokatwa kutoka kwenye lori na akasema anataka mshipi wa kufunga kiunoni wakati wa kunyanyua vyuma. Nilimpima kama ninavyompima bwana arusi. Nikaushona mshipi ule kwa mistari saba iliyokwenda sambamba, nikaufumua, nikaushona, nikaufumua tena, na tena. Siku nne baadaye niliupeleka mwenyewe nyuma ya nyumba yake, kwenye ua uliozungushiwa mabua, ambako wanaume watano au sita walikuwa wakivuta na kusukuma saruji. Aliuinua mshipi juu, akautazama dhidi ya jua.

"Umeufumua mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja," nikasema.

Alinionyesha matundu ya sindano ambayo mwanga ulipita ndani yake. "Mara tatu. Dada, kitambaa nacho kinachokaka. Ukifumua sana, kinakufa mbele haijavaliwa."

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akaufunga mshipi kiunoni, akainama, akamnyanyua Baba kutoka chini mara tano, akamrudisha taratibu. Kisha akaufungua mshipi, akaurekebisha hadi tundu la ndani kabisa na kunipa. "Sasa na we ujaribu. Fundi hawezi kuuza kitu yenye hajaonja." Wanaume wakaacha kazi yao kutazama. Nilikuwa nimevaa sketi ndefu na ndala. Nilimshika Mutoto kwa mikono yangu yenye jasho, Silvestri akanielekeza nisukume ardhi kwa miguu badala ya kuvuta kwa mgongo, na kile chuma kikaja juu. Sijui nieleze vipi bila kuonekana naongeza chumvi. Kwa muda ule ambao chuma kilikuwa mikononi mwangu, hakukuwa na nafasi kichwani ya kufikiria kitu kingine chochote. Nilipokirudisha chini, mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka, lakini mara hii ilikuwa na sababu.

Kesho yake nilirudi. Na hapa lazima nikiri uongo ambao si uongo. Sisi wa Bukavu mahali pa mazoezi tunapaita kwa neno la Kifaransa, na kwa midomo yetu neno hilo linatoka "sali". Basi Tantini alipouliza ninakwenda wapi jioni na viatu vya raba, nilimjibu ukweli mtupu: "Naenda ku sali, Tantini." Uso wake ukang'aa. "Njo muzuri, mwanangu. Uniombee na hii magoti yangu." Kwa wiki tano aliwaambia wateja kwamba nimepata wokovu, na kwamba hata mgongo umeninyooka kwa maombi. Mgongo ulikuwa umeninyooka kweli. Kisha mama mmoja wa kwaya akamweleza alichokiona kupitia mabua. Tantini alikuja mwenyewe, akasimama kwenye ua, mikono kiunoni, akatazama Mutoto, akatazama Mama, akatazama Baba.

"Kumbe Mungu yenu iko ya sima," akasema. Sima ndilo neno letu la saruji, na wanaume walicheka hadi mmoja akaketi chini.

Hakunifukuza wala hakunitukana. Aliketi kwenye kigoda, akamenya muwa kwa meno, akanitazama hadi nilipomaliza. Tulipokuwa tunarudi akasema, bila kunitazama, "Na magoti ya mutu muzee, banaifanyaka nini kule?" Ndivyo mwanafunzi wangu wa kwanza alivyopatikana. Kila asubuhi, kabla ya cherehani, Tantini aliketi kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, mara tano, baadaye mara nane, akihesabu kwa Kifaransa ili aonekane amesoma. Jirani zake wakaanza kuja na vigoda vyao. Kabla ya mvua kuanza nilikuwa na akina mama saba waliobeba ndoo za maji kwa namna niliyowafundisha, na wote waliniita "mademoiselle ya sport", yaani bibie wa mazoezi, jina lililonifurahisha kuliko nilivyoonyesha.

Lakini ninataka kusimulia habari ya mzani, kwa sababu hapo ndipo nilipojifahamu. Mwezi wa pili nilihisi kwamba Mama ananivuta upande mmoja. Nilipima kwa macho, nikapima kwa utepe wa ushonaji, mikebe ilikuwa sawasawa. Sikulala. Siku ya soko nilimwomba muuza mahindi mzani wake, nikambeba Mama kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, huku mwendeshaji akilalamika njia nzima. Nikaiweka ncha moja kwenye mzani na nyingine juu ya ndoo iliyolingana nao kwa kimo. Kumi na nane. Nikageuza. Kumi na tano. Nilirudi kwa Silvestri karibu kukimbia, nimechora namba kwa msumari kwenye ncha zote mbili, na nikamweleza kama mtu anayeleta habari za wizi.

Aliendelea kula. Alikuwa na sahani ya bugali na usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, na mkewe Devota alikuwa akimwongezea mboga.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Sima ya ncha ya kwanza niliweka kokoto mingi. Ya pili kokoto ziliisha. Na Baba iko vile vile, na Mutoto. Njo maana tunageukaka."

Nilikuwa nimegeuka kwa miezi miwili bila kuuliza. Kwenye sali ya Silvestri ilikuwa desturi: ukimaliza kunyanyua mara tano, unakizunguka chuma, unasimama upande wake wa pili, unaanza tena ukitazama mwelekeo mwingine. Mimi nilidhani ni mambo ya Warundi. Kumbe ndiyo ilikuwa njia ya kuugawa ule uzito, mkono wa kulia ubebe kilo tatu za ziada, kisha wa kushoto.

"Ungeweza kuvunja na kumimina tena," nikasema.

Devota ndiye aliyejibu, akikwangua sufuria. "Na ya pili ikikosa, avunje tena? Dada, hapo bantu batabeba lini?"

Nilikwenda nyumbani nimekasirika. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nilimaliza shati la mteja, nikaona kwamba mfuko umeshuka kidogo upande mmoja, nikashika mkasi, nikauweka chini. Nilimpa mteja shati lake. Alilivaa, akajitazama, akaenda zake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuisha haraka hivyo. Kila nilipomaliza kunyanyua, Silvestri aliuliza, "Imebaki ngapi?" Alitaka kujua ni mara ngapi zaidi ningeweza kabla ya nguvu kuisha. Nilijibu kila siku, "Hakuna, Kocha. Zero." Niliona haya kubakiza kitu. Kwangu kubakiza kulikuwa ni uvivu.

"Unadanganya," alisema. "Na kama haudanganye, ni mubaya zaidi. Ukiniletea zero kila siku, kesho nitakutoa wapi? Mbili uache nyumbani."

Sikuelewa. Niliandika maneno hayo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, na kesho yake nikasema zero.

Alikuwa na neno moja zaidi. Nilipokuwa chini ya uzito nilishika pumzi, kama nilivyofanya kwenye cherehani, na yeye alisema, "Hema." Kwa Kirundi guhema ni kuvuta pumzi tu, kuvuta na kutoa. Mara ya kwanza niliposikia nilicheka, kwa sababu kwetu hema ni nyumba ya turubai, na katika kambi ya wakimbizi hakuna mtu anayehitaji kukumbushwa hema. "Tayari nimetoka mu hema, Kocha," nilimwambia. Alitikisa kichwa. "Hema," akarudia, na nilipotoa pumzi chuma kilipanda.

Lilongwe ilikuja kwa njia ya gauni. Tantini alimshonea mama mmoja wa Kimalawi aliyefanya mazoezi kwenye jimu mjini, na huyo akasema mwenye jimu anatafuta mwalimu wa kike, kwa sababu wateja wengi wanawake hawapendi kushikwa mgongo na mwanaume. Nikaenda nimevaa suruali niliyoishona mwenyewe, na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini nimeikunja mara nne ndani ya soksi. Mwenye jimu alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye haraka. Alinitazama nikinyanyua, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia Dzaleka. "Mwezi mmoja," akasema. "Kisha tutaona."

Nilipanga kitanda Chinsapo, mtaa wa pembeni mwa mji, kwa rafiki wa Tantini aliyeuza mandazi, na kila asubuhi nilifika jimu kabla haijafunguliwa. Chumba kile sijakiona tena kama nilivyokiona wiki ile ya kwanza. Vioo ukuta mzima. Vyuma vimepangwa kwa ukubwa, kila kimoja kimeandikwa uzito wake, na kulia na kushoto vililingana kabisa. Nilikuwa nimeota kitu kama hicho. Lakini nilipobeba chuma kilicholingana nilihisi kama niliyetoka kwenye mtumbwi, ardhi inayumba kwa sababu haiyumbi. Nikimaliza nilizunguka upande wa pili bila kufikiri, nikajikuta nimekipa kioo kisogo. Wateja waliniuliza kama ni dini.

Aliyeuliza kwa sauti zaidi alikuwa Mayi Phiri, yaani Mama Phiri. Alifanya kazi katika wizara moja Capital Hill, miaka hamsini na kitu, mwili mzito, kicheko kikubwa, na alikuwa amekabidhiwa kwangu mara tatu kwa wiki. Kati ya mazoezi alinisimulia ofisi yake yote: nani hasalimiani na nani, nani amejifungia kwenye lifti, nani amekula keki ya mwenzake. Aliniita "aphunzitsi", yaani mwalimu, na kila aliponiita hivyo niliogopa kwamba atagundua.

Atagundua nini? Kwamba nimejifundisha kwa picha za simu, kwa Silvestri, na kwa daftari. Daftari hilo nililijaza pia Kichewa, lugha ya Wamalawi, nikikariri viungo vya mwili ndani ya minibasi. Kichewa kilinipa moyo kwa sababu kilifanana na lugha yetu. Mkono ni mkono. Lakini mutu, ambaye kwetu ni binadamu, kwao ni kichwa. Lugha zilizo jirani ni kama ncha za Mama: kwa macho mikebe ni sawasawa. Maneno mengi niliyapima kwa uangalifu, na moja sikulipima.

Ilikuwa wiki ya nne, siku ya Alhamisi asubuhi. Mayi Phiri alikuwa amelala kwenye benchi, akisukuma juu ya kifua chuma cha kilo thelathini na tano, kizito kuliko chochote alichowahi kusukuma. Nilisimama kichwani pake, mikono yangu chini ya chuma bila kukigusa. Mwenye jimu alikuwa amesimama karibu na mlango, anatazama, na nilijua anatazama kwa sababu mwezi unaisha. Mara ya tatu, chuma kikiwa katikati ya njia, Mayi Phiri alishika pumzi. Uso ukaiva, mishipa ya shingo ikatoka. Nilitaka kumwambia avute pumzi. Nilisema kwa Kiswahili kile kinachokuja mdomoni wakati wa hofu, nikaongeza mwishoni ile "ni" ya heshima ya Kichewa, ili lisikike la kwao:

"Pumuani, mayi. Pumuani."

Kwa Kichewa "pumulani" maana yake ni pumzikeni. Mayi Phiri alikuwa mwanafunzi mtiifu. Alipumzika. Mikono yake ililegea yote miwili mara moja, macho yake yakaanza kufumba kwa raha, na chuma kikashuka.

Nilikishika. Ninaweza kusema hivyo bila kujisifu kwa sababu sikuamua, mwili uliamua. Kilikuwa kimekwisha kugusa mfupa wa kifua chake niliposukuma ardhi kwa miguu, kama kwenye ua ule wa mabua, nikakivuta juu na kukirudisha mahali pake. Vyuma viligongana. Redio iliendelea kutangaza bei za mbolea.

Mayi Phiri aliketi, mkono kifuani. "Munati pumulani," akasema, akishangaa kabisa. "Ndapumula." Umesema nipumzike. Nimepumzika.

Mwenye jimu alitaka kujua kilichotokea. Wenzangu wawili walikuwa pale na ningeweza kusema kwamba mikono ya mteja iliteleza. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kuamini hivyo. Nilisema kwamba nimemwambia mteja neno lisilo sahihi. Nilijaribu kueleza pumua na pumula, lakini kwa Kiingereza changu ilisikika kama nimemwambia mteja alale. Alinisikiliza hadi mwisho, akaangalia saa. "Nenda nyumbani kwanza," akasema. "Nitakupigia."

Kilichokuwa kwenye mizani, na ninalisema wazi, hakikuwa kazi peke yake. Niliamini kwamba mtu anayekosea namna ile hana haki ya kumwekea mtu mwingine uzito mikononi, na kwamba yote niliyoyapata mwaka ule, mgongo, usingizi, lile shati nililoliachia, yalikuwa kitambaa kilichokwisha kuchoka. Nilirudi Dzaleka nikakaa nyuma ya pazia nikiifumua siku ile. Nilirudia kila hatua, kutoka mlangoni hadi kwenye benchi. Tantini aliweka chai mbele yangu, na mandazi, akarudi kwenye cherehani bila kuimba. Siku ya tatu akasema, "Mi sijui Kichewa. Lakini ule mama iko muzima?" Nikasema yuko mzima. "Basi enda ku sali," akasema, na kwa mara ya kwanza sikujua anamaanisha ipi kati ya hizo mbili.

Nilikwenda kwa Silvestri. Alikuwa anatengeneza ua, anafunga mabua mapya kwa kamba. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye "ndapumula" alicheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na Devota akatoka ndani kuuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka zaidi yake. Nilisimama pale nikiwa na hasira na machozi.

"Chuma ulikishika?" Silvestri akauliza alipotulia.

"Nilikishika."

"Na mikono mbili, kutoka chini, mugongo iko sawa?"

"Mugongo haikuwa sawa, Kocha. Ilipinda kidogo."

"Imebaki ngapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Alitaka kujua, baada ya kukivuta chuma kile, ningeweza tena mara ngapi. Nilifikiria. Niliirudisha ile dakika, safari hii si kwa kuifumua, kwa kuipima tu. Miguu yangu ilikuwa imara. Nilikumbuka hata kwamba baada ya kukiweka chuma nilibaki nimekishika, kana kwamba nangojea kingine.

"Mbili," nikasema.

"Njo hiyo," akasema, na akaendelea kufunga kamba. "Ungekuwa umefika asubuhi na zero, ule mama angekuwa wapi? Geuka, urudi. Na ile neno uache. Sema hema."

Simu ililia siku ya sita. Hakuwa mwenye jimu, alikuwa Mayi Phiri. Alisema ana alama kifuani na ofisi nzima imekwisha kuiona, kwa kuwa amewaonyesha. Alisema wamempa kijana wa kiume wa kumfundisha, na huyo anatazama simu. "Nimemwambia mwenye jimu, huyu akiniangushia chuma, atakuwa bado anaandika ujumbe. Aphunzitsi alikishika. Rudi, lakini usiniambie tena nipumzike mpaka niwe nimemaliza." Jumatatu nilirudi. Nilimwekea kilo kumi na tano, nikasimama kichwani pake, nikasema, "Hema."

Alinitazama kutoka chini, uso juu chini. "Hema? Kama mahema?" Kumbe hata kwao ni nyumba ya turubai. "Unataka nifanye nini na hema?"

"Vuta pumzi, toa pumzi. Ndiyo hema."

"Zikomo," akasema, yaani asante. Hakuna mtu duniani anayeachia chuma kwa sababu ametajiwa hema.

Miaka saba imepita. Mwenye jimu hajawahi kuniambia kwamba ule mwezi umeisha. Wateja wangu wamekuwa wengi, baadhi wamekuwa walimu, na wote wanasema hema. Nimewasikia wakiambiana wenyewe, mabibi wa benki na wa wizara, kwa lafudhi yao. Mayi Phiri, ambaye sasa amestaafu na bado ananyanyua, humweleza kila mgeni kwamba hilo ni neno la kitaalamu. Wachache wanazunguka chuma na kukipa kioo kisogo. Nilimsimulia Silvestri, akauliza kama vyuma vyao havilingani. Nikasema vinalingana. Akasema, "Hata hivyo, mutu mwenyewe halingane."

Sasa hayupo. Ugonjwa ulikuwa mfupi na nilifika umekwisha. Siku ya pili ya matanga, alasiri, watu walipoanza kutawanyika na viti kurudishwa kanisani, mzee mwenye koti la mvua aliinuka, akaniaga, akaenda. Devota alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, amejifunga kitenge kifuani, na sikuwa nimemwona akila. Alitazama vyuma vile pale nje. "Mvua ikikuja vitashika kutu," akasema. Nilimwambia nitaviingiza mimi. Mutoto nilimbeba peke yangu. Nilipomwinamia Mama, Devota alikuwa amekwisha kusimama kwenye ncha nzito, ile niliyokuwa nimekalia, na kwenye saruji, chini ya vumbi, namba zangu za msumari bado zilisomeka. Nilitaka kumwambia tubadilishane, ya kwako ni nzito. Hakunipa nafasi. Tulinyanyua pamoja, tukavuka ua, yeye akirudi nyuma, macho yake kwenye chuma, midomo imebana, na katikati ya njia nikaona kwamba ameshika pumzi. Nafikiri alikuwa ameishika kwa siku tatu.

"Hema," nikamwambia, kwa lugha yake.

Akatoa pumzi. Ilitoka ndefu, ikatoka tena, na tulisimama pale tukiwa tumebeba hadi ilipotulia. Kisha akatazama ncha yake, akatazama yangu.

"Tugeuke," akasema.

Tukamweka Mama chini, tukazunguka, tukanyanyua tena.